SOMO LA MOTOKAA: GARI LINALOKATAA KUSHIKA ASUBUHI YA BARIDI

Mkulima wa nyanda za juu aijua vizuri baridi ya mwezi wa Juni, Julai na Agosti. Huko Kinangop, Ol Kalou, Molo na Timboroa, aamkaye saa kumi na moja alfajiri huona jalidi nyeupe juu ya majani, na viazi vilivyopandwa bondeni vimeungua kama vilivyopitiwa na moto. Lakini si viazi peke yake viumiavyo. Gari nalo huumia.

Ng'ombe wamekwisha kukamwa, na mikebe imepakiwa nyuma ya pikapu. Tangi la kupozea la chama cha ushirika liko mbali, na karani hafungi mizani yake kwa kumngojea mtu mmoja. Mwenye gari azungusha ufunguo. Injini yalia kwa uvivu mara mbili tatu, kisha kimya. Azungusha tena. Kimya. Watoto waitwa waje kusukuma, jua lachomoza, na maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe yakiwa na joto yaendelea kukaa bila kupozwa. Maziwa hayajui kungoja. Yakichelewa yatakataliwa, na kazi ya siku nzima itakuwa chakula cha ndama.

Hasara hiyo ni ya kwanza. Hasara ya pili huja baadaye, mwenye gari anapokwenda dukani kununua kitu ambacho hakikuharibika.

Tuchukue mfano wa mkulima mmoja mwenye pikapu ya dizeli. Gari lake likataa kushika mwezi wa Juni. Jirani amwambia, "Mzee, hiyo ni betri." Auza mtamba, anunua betri mpya. Kwa wiki tatu gari lashika vizuri, naye ashukuru. Wiki ya nne ugonjwa warudi kama ulivyokuwa. Sasa aambiwa ni stata. Stata yafunguliwa, yatengenezwa, fedha zatoka. Asubuhi ya tatu gari halishiki. Je, ugonjwa ulikuwa nini? Tutamrudia mkulima huyu mwisho wa somo. Kwanza tujifunze kuliuliza gari maswali, kama daktari wa mifugo anavyomtazama ng'ombe kabla ya kutoa sindano mfukoni.

KWA NINI BARIDI HULISUMBUA GARI

Sababu ni nne, na kila mwenye gari yafaa azijue.

Ya kwanza ni oili. Oili ikipoa huwa nzito, kama samli iliyokaa usiku kucha. Stata hulazimika kuzungusha injini iliyoshikwa na oili hiyo nzito, na kazi yake huwa kubwa kuliko ya mchana.

Ya pili ni betri. Umeme wa betri hutoka katika dawa iliyomo ndani yake, na dawa hiyo hufanya kazi polepole wakati wa baridi. Karibu na nyuzi 0, hata betri nzuri hupungukiwa na sehemu ya tano ya nguvu zake au zaidi. Kwa hiyo saa ile ile injini inapotaka nguvu nyingi, betri huwa na nguvu chache.

Ya tatu ni mafuta. Petroli haiungui ikiwa maji maji; ni mvuke wake ndio uunguao, na petroli baridi haitoi mvuke kwa urahisi. Dizeli nayo huwashwa na joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, si kwa cheche. Chuma kikiwa baridi hulinyonya joto hilo kabla dizeli haijawaka.

Ya nne ni urefu wa nchi yetu. Mahali palipo kiasi cha mita 2,500 juu ya bahari, kama sehemu nyingi za Kinangop, hewa ni nyepesi: ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Injini hubana hewa chache, kwa hiyo kosa dogo ambalo pwani lisingeonekana, hapa huonekana kila asubuhi.

Basi shika neno hili: mara nyingi baridi haiharibu kitu, baridi hufunua kitu kilichokwisha kuchoka. Ndiyo sababu gari lile lile hushika vizuri saa sita mchana, na fundi akiletewa wakati huo husema halina ugonjwa.

MASWALI MATATU KABLA YA KUTOA FEDHA

Asubuhi gari linapokataa, usizungushe ufunguo kwa hasira. Sikiliza na utazame, ukajiulize:

1. Je, stata inazungusha injini kwa nguvu kama siku zote, au ni polepole, au inagonga "tak" tu na kunyamaza?

2. Ikiwa inazungusha vizuri lakini injini haishiki, je, kuna moshi unaotoka katika bomba la nyuma? Ni moshi wa rangi gani, na unanuka nini?

3. Gari likiisha kushika na kupata moto, likazimwa, je, lashika tena mara moja?

Andika majibu katika daftari kwa muda wa asubuhi tatu, pamoja na hali ya hewa. Daftari hilo ni la thamani. Fundi akilisoma atajua aanzie wapi, wala hutalipia siku nzima ya kubahatisha.

UGONJWA WA KWANZA: INJINI YAZUNGUKA POLEPOLE

Ikiwa stata inavuta kwa uvivu au inagonga tu, usiguse mambo ya mafuta. Tafuta katika njia ya umeme, na uanze na vitu visivyo na gharama.

Tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, umeme unazuiliwa hapo. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Osha kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, kausha, kwaruza kwa msasa mpaka chuma king'ae. Rudisha waya wa chanya kwanza na wa hasi mwisho, kaza kwa spana, kisha paka grisi juu.

Fanya jaribio la taa. Washa taa kubwa za mbele, umwambie mtu azitazame huku wewe ukipiga stata. Taa zikififia karibu na kuzimika, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vimelegea, au stata imekwama. Taa zikibaki na mwanga mzuri huku stata ikivuta vibaya, basi betri inao umeme ila haufiki kwenye stata. Tafuta waya.

Jaribio la mita ya umeme ni bora zaidi. Mita ndogo si ghali, na kikundi cha majirani waweza kununua moja. Pima betri asubuhi kabla ya kugusa ufunguo. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.2, imebaki na kiasi cha nusu. Ikiwa chini ya 12, haina kitu. Kisha pima huku stata ikipigwa: isishuke chini ya 9.6. Betri iliyoonyesha 12.6 kisha ikaanguka mpaka 8 mara stata ipigwapo yaelekea imechoka. Ichajiwe na kupimwa tena kabla ya kununua nyingine.

Pima na nyaya vile vile. Weka mguu mmoja wa mita juu ya ncha ya hasi ya betri, na mguu wa pili juu ya chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata. Mita isizidi nusu ya volti. Ikizidi, waya mnene wa kurudishia umeme, ule unaofunga injini na chesi au betri, umeoza au umelegea. Pima hivyo hivyo kutoka ncha ya chanya ya betri hadi bolti kubwa ya stata.

Ukiwa huna mita, tumia mkono. Baada ya kupiga stata sekunde kumi, gusa kila kiungo cha waya mnene. Kiungo kizuri hakipati joto sana. Kilicho kibaya huwa moto, kwa sababu umeme unapigana kupita hapo.

Tena uangalie kama betri inalishwa. Injini ikiwa inanguruma, mita juu ya betri ionyeshe kati ya 13.5 na 14.7. Ikiwa chini, tazama mkanda wa altaneta, huenda umelegea. Na jambo hili wakulima wengi hulisahau: gari linalotoka nyumbani hadi kituo cha maziwa, kilomita mbili tu, kisha likazimwa, halirudishii betri yote lililotumia kuwasha. Baada ya siku kumi za safari fupi, betri huwa tupu bila kuwa na ugonjwa wowote. Lipe gari safari ndefu kila juma, au ichaji betri. Usiache redio na chaja ya simu zikifanya kazi injini ikiwa imezimwa.

Mwisho tazama oili. Katika mkebe wa oili mna namba kama 15W-40. Namba iliyo mbele ya herufi W yaonyesha jinsi oili itakavyokuwa wakati wa baridi; kadiri ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyobaki nyepesi asubuhi. Oili yenye namba moja tu, kama 40 au 50, huwa nzito sana alfajiri ya Julai. Wengine huitia kwa sababu injini imezeeka na inakula oili. Fuata kitabu cha gari lako.

UGONJWA WA PILI: GARI LA PETROLI LAZUNGUKA VIZURI LAKINI HALISHIKI

Hapa umeme wa stata ni mzuri. Kinachokosekana ni cheche, au mafuta yaliyo kwa kipimo.

Kama gari lako ni la zamani lenye kabureta, vuta choki mpaka mwisho, kanyaga mafuta mara moja au mbili, kisha piga stata. Choki hupunguza hewa ili petroli iwe nyingi. Hakikisha waya wa choki unafika kweli na kifuniko kinafunga. Mara nyingi mpini huvutwa ndani ya gari na kule mbele hakitikisiki kitu. Gari la kisasa halina choki. Fungua ufunguo bila kupiga stata, ngoja sekunde mbili, na usikilize pampu ya petroli ikivuma. Ikiwa ilizoea kuvuma na sasa iko kimya, tazama fyuzi yake.

Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imelewa mafuta. Kanyaga kanyagio mpaka chini, lishikilie hapo usilipampu, na upige stata kwa sekunde chache. Hewa itaingia na kukausha.

Fungua plagi uzitazame. Plagi yenye rangi ya udongo hafifu ni nzima. Iliyo nyeusi na kavu kama masizi yaonyesha petroli nyingi au hewa kidogo. Pengine kichujio cha hewa kimejaa vumbi la kiangazi. Iliyolowa petroli imekosa cheche. Iliyolowa oili yaonyesha injini imelika. Plagi kuukuu hufanya kazi mchana na kushindwa asubuhi, nazo ni rahisi kubadili.

Ukungu nao ni adui. Katika gari lenye nyaya ndefu za plagi, inua boneti alfajiri kukiwa bado giza, mtu apige stata. Ukiona cheche ndogo za buluu zikiruka juu ya nyaya au kifuniko cha distribyuta, umeme unavuja kwa unyevu. Usiguse kwa mkono. Zima, pangusa kwa kitambaa kikavu, na nyaya zilizopasuka zibadilishwe.

Gari la kisasa likisumbua asubuhi tu na kuwa zuri mchana, mwambie fundi apime kile kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari joto la maji ya injini. Kikisema uongo kwamba injini ina moto, kompyuta hutoa petroli kidogo, na injini baridi haiwezi kushika.

UGONJWA WA TATU: GARI LA DIZELI LAZUNGUKA VIZURI LAKINI HALISHIKI

Katika dizeli, moshi ndio shahidi. Mtu mmoja apige stata, wa pili asimame nyuma ya gari.

Ukiona moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayawaki. Silinda hazina joto la kutosha. Shuku kwanza plagi za kupashia joto, ambazo madereva huziita hita plagi. Washa ufunguo, ngoja taa ya manjano yenye alama ya mzunguko izimike, kisha rudia mara ya pili kabla ya kupiga stata. Gari likishika kwa urahisi baada ya kupashwa mara mbili, hita plagi zimedhoofika au hazipati umeme kamili. Gari likishika kwa kutetemeka na moshi mweupe kwa dakika moja, kisha likatulia, yaelekea plagi moja au mbili zimekufa. Fundi azipime moja moja; asibadili zote kabla ya kutazama fyuzi na relei yake.

Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki. Pampu kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya kichujio cha dizeli mpaka iwe ngumu, kisha piga stata. Likishika, umepata jibu: usiku dizeli inarudi tangini kwa sababu hewa inaingia mahali fulani katika mipira au viungo. Tafuta mpira uliopasuka au kiungo chenye unyevu wa mafuta. Ukiwa hapo, fungua parafujo iliyo chini ya kichujio uondoe maji. Dizeli iliyokaa katika mapipa hukusanya maji.

Ikiwa hita plagi ni nzima, mafuta yanafika, na bado gari lasumbua, tena lina moshi wa buluu na pumzi nyingi hutoka mahali pa kutilia oili, huenda silinda zimelika. Hapo ndipo fundi apime mbano wa injini. Hilo ni jambo la mwisho kufikiriwa, si la kwanza, kwa maana matengenezo yake ni ya fedha nyingi.

MAMBO YALIYOKATAZWA

Usiwashe moto wa kuni au makaa chini ya injini. Oili na mafuta yanayodondoka yatashika, na gari litaungua pamoja na banda.

Usinyunyize petroli wala dawa ya kuwashia katika njia ya hewa ya dizeli yenye hita plagi. Yaweza kulipuka na kuvunja injini, au kumchoma mtu uso.

Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa kwa kukimbia baridi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mfululizo. Pumzika nusu dakika au zaidi, betri ipate kujikusanya na stata ipoe.

Usivute sigara wala kuleta kibiriti karibu na betri. Hutoa hewa inayolipuka. Ukiazima umeme kwa gari la jirani, funga waya mwekundu kwenye chanya ya betri yako, kisha chanya ya betri yake. Funga mweusi kwenye hasi ya betri yake, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri. Gari lenye gia za kujibadili lenyewe halisukumwi ili kushika.

KAZI YA JIONI

Asubuhi njema hutengenezwa jioni. Liegeshe gari bandani au chini ya paa, mbele kukielekea ukuta ili upepo usiipige injini. Lisimame mahali penye mteremko kidogo, limefungwa breki na kuwekewa jiwe. Funika boneti kwa gunia kavu usiku, na uliondoe kabla ya kuwasha. Zima taa zote. Ukiona betri ni dhaifu, na huwezi kununua nyingine mwezi huu, ifungue na kulala nayo mahali penye joto, si karibu na jiko.

Asubuhi, kanyaga klachi unapopiga stata, ili isizungushe oili nzito ya gia bure. Zima taa na feni kwanza.

Sasa tumrudie mkulima wetu wa pikapu ya dizeli. Fundi mwingine alikuja kwake alfajiri, gari likiwa bado baridi. Hakufungua chombo chochote. Aliomba taa ziwashwe na stata ipigwe. Taa zilibaki na mwanga, stata ikavuta kwa uvivu. Akaweka mita kati ya hasi ya betri na injini, akasoma zaidi ya volti 2. Akainama chini, akaonyesha waya wa kusuka unaofunga injini na chesi. Ulikuwa umeliwa na kutu, zimebaki nyuzi chache. Mchana injini ikiwa na joto, nyuzi hizo zilitosha, alfajiri hazikutosha. Betri mpya ilisaidia wiki tatu tu kwa kuwa ilikuwa na nguvu ya kulazimisha. Waya mpya ni kitu cha shilingi chache. Mtamba ulikwisha kuuzwa.

Tangu skimu ya ekari milioni moja ilipoanza mwaka 1962, wakulima wa skimu wamejifunza kupima kabla ya kutenda: kupima udongo kabla ya kununua mbolea, kupima uzito wa ng'ombe kabla ya kumpa dawa. Na gari lipewe heshima hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taa zina mwanga mzuri lakini stata inavuta polepole. Utatazama nini kwanza?

2. Gari la dizeli linazunguka vizuri, na hakuna moshi hata kidogo. Utafanya nini kwa mkono wako kabla ya kumwita fundi?

3. Kwa nini gari la safari fupi za maziwa hupungukiwa na betri hata ikiwa kila kitu ni kizima?

4. Katika kufungua betri, ni waya gani utolewao kwanza, na ni upi urudishwao mwisho?

Majibu yote yamo katika somo hili. Lisome pamoja na dereva wako au kijana wako anayeendesha gari, kisha mwende nje mkaonyeshane kila kitu kilichotajwa, kabla asubuhi ya baridi haijawafundisha kwa gharama.